Kabla Hatujamhukumu Mtoto: Juu ya Hitilafu za Programu ya Kuchora Sauti

Wapo miongoni mwa wanachuo wetu ambao, wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, huzirekodi sauti za watoto wanaposoma, na jioni huzichunguza katika kompyuta ya nyumbani kwa programu inayoichora sauti ikaonekana kwa macho. Jambo hilo twaliunga mkono bila kusita. Mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto wengi hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja mara tatu, na kinasa sauti humpa nafasi hiyo. Tusiloliunga mkono ni tabia iliyozuka pamoja nalo. Mwanachuo auonapo mchoro wenye kasoro, hajiulizi kama kasoro hiyo imo katika mchoro au katika kinywa cha mtoto. Huamua papo hapo kwamba imo katika kinywa cha mtoto, akaiandika katika kumbukumbu za darasa, na maandishi hayo hubaki shuleni baada ya yeye kurudi chuoni.

Rai yetu katika makala haya ni kwamba mtoto awe mtu wa mwisho kushukiwa. Kati ya kinywa chake na mchoro ulio mbele ya mwalimu kuna chumba, maikrofoni, simu, faili, programu, na vipimo vilivyowekwa ndani ya programu hiyo na watu wasiomjua mtoto huyo wala lugha yake. Kila kimoja kati ya hivyo chaweza kuuharibu ushahidi. Tena, kuitafuta hitilafu katika mlolongo huo hakuwezi kuachiwa fundi peke yake. Fundi atahakikisha kwamba kompyuta inafanya kazi, lakini hatajua kwamba sauti s ilipaswa kuonekana mahali fulani na haikuonekana. Ajuaye hilo ni mwalimu wa lugha.

Yafaa kwanza tueleze mchoro wenyewe ni kitu gani. Huitwa spektogramu, na husomwa kama ramani. Kutoka kushoto kwenda kulia ni muda. Kutoka chini kwenda juu ni wingi wa mitikisiko ya sauti kwa sekunde moja, ambao huhesabiwa kwa hezi. Pale palipo peusi pana nguvu ya sauti, na pale palipo peupe hapana, au nguvu yake ni ndogo mno. Irabu huonekana upande wa chini kama mistari minene iliyolala. Vikwamizi, yaani sauti kama s, sh, f na th ambazo hewa yake hupita kwa kukwaruza, havina mistari hiyo. Huonekana kama vumbi lililotawanyika, na kimo cha vumbi hilo hutusaidia kutambua ni kikwamizi kipi. Vumbi la sh huanzia kwenye hezi 2,000 hivi au juu kidogo, kisha likapanda. Vumbi la s kwa mtu mzima hukaa zaidi juu ya hezi 4,000, na kwa mtoto mwenye kinywa kidogo hupanda juu zaidi ya hapo. Vumbi la th ni hafifu, limetapakaa, na mara nyingine ni shida kuliona.

Chombo hiki kina historia ambayo mwalimu hana sababu ya kuionea haya. Kilibuniwa katika maabara za simu za Bell huko Marekani, na kitabu cha Potter, Kopp na Green kiitwacho Visible Speech, kilichotolewa mwaka 1947, kilikuwa na matumaini kwamba viziwi wangeweza kuyasoma maneno ya watu kwa macho. Mashine za miaka ya 1950 zilizotumiwa katika vyuo vikuu zilichora sekunde 2.4 tu za sauti kwa mara moja, nao mtumiaji alisubiri dakika kadhaa ili mchoro mmoja ukamilike. Mtu aliyesubiri hivyo hakuwa na haraka ya kutoa hukumu. Leo mchoro hutokea kufumba na kufumbua, na twaogopa kwamba hukumu nayo hutokea kwa kasi hiyo hiyo.

Programu inayotumiwa sana na wataalamu wa fonetiki ni Praat, iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Jina lake ni neno la Kiholanzi la kumwamuru mtu aseme. Haiuzwi, nayo hufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu. Iko pia Audacity, ambayo wengi huitumia kwa kurekodi na kukata vipande, na ambayo nayo yaweza kuonyesha spektogramu. Mifano yetu mingi itatoka katika Praat, kwa kuwa ndiyo iwasumbuayo wanachuo zaidi.

Usumbufu wa kwanza ni mdogo, na tutaupita upesi. Praat ifunguliwapo hutoa madirisha mawili. Moja ni la orodha ya sauti zilizoingizwa. La pili ni karatasi tupu ya kuchorea picha za kuchapisha vitabuni. Mwanachuo huitazama karatasi hiyo tupu kwa nusu saa akingoja sauti itokee. Aifunge tu, haihitaji kwa kazi yake. Usumbufu unaofuata ni ule wa faili lisilokubali kufunguka. Simu nyingi huhifadhi sauti kwa namna ziitwazo M4A au AMR, na Praat haizisomi hizo. Husoma WAV, FLAC na MP3, pamoja na nyingine kadhaa. Iwapo mstari wa sauti ni mnyoofu kabisa kama uzi uliovutwa, mara nyingi mfumo wa Windows umeizuia programu kutumia maikrofoni, au kompyuta inarekodi kwa maikrofoni yake ya ndani huku mwanachuo akisemea ile aliyoichomeka. Hayo yote huonekana wazi, na kosa linaloonekana wazi halimdhuru mtoto.

Kuna jingine ambalo huwashangaza wengi. Mwanachuo ameingiza faili la dakika mbili, mawimbi ya sauti yaonekana vizuri upande wa juu, lakini pale spektogramu ingekuwapo pana maandishi ya Kiingereza tu. Husema programu imeharibika, akaifuta na kuiweka upya, na maandishi yakarudi. Laiti angeyasoma! Yanamwambia kwamba kipande kinachoonyeshwa ni kirefu mno. Kwa kawaida Praat haichori spektogramu ya kipande kinachozidi sekunde 10; akivute karibu hadi neno moja au mawili, na mchoro utatokea. Twawaona wanachuo wakiyafunga maandishi ya kompyuta kwa upesi ule ule ambao watoto huruka maelekezo yaliyo juu ya mtihani, na hao hao ndio watakaowafundisha watoto kutoyaruka.

Sasa tufike kwenye hitilafu zile za hatari, ambazo hutoa mchoro mzuri, safi, uliokamilika, na wa uongo.

Mwanachuo mmoja alituletea taarifa ya mtoto wa kike wa darasa la pili ambaye, kwa maneno yake, “hana s”. Alikuwa na michoro ya maneno matatu: samaki, sufuria na sisi. Katika yote, mahali pa s palikuwa peupe. Alikuwa amekwisha kumwita mama wa mtoto na kumshauri ampeleke hospitali akatazamwe meno na ulimi, na mama yule, ambaye hufanya biashara ndogo sokoni, alikuwa akitafuta nauli. Katika kitabu cha maendeleo mtoto alikuwa ameandikwa kwamba hawezi kusoma kwa sauti mpaka apate matibabu. Watoto wenzake walianza kumwiga.

Tuliomba faili lenyewe. Jina lake liliishia kwa WAV, na maelezo yake yalisema kwamba lina vipimo 44,100 kwa sekunde, kiwango kile kile cha diski za muziki. Kwa karatasi, faili lilikuwa zuri kupita kiasi. Lakini tulipouinua mpaka wa juu wa mchoro hadi hezi 10,000, tuliona jambo ambalo kinywa cha binadamu hakiwezi kulifanya: kila kitu kilikatwa kwa mstari mnyoofu kwenye hezi 4,000. Juu ya mstari huo hapakuwa na s, wala pumzi, wala mchakacho wa karatasi za kitabu, wala kelele za watoto wa nje. Palikuwa peupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Mtoto aweza kukosa s. Hawezi kuzinyamazisha karatasi za kitabu.

Sababu yake ni hii. Kinasa sauti cha kidijiti hakiishiki sauti yote. Huipima mara nyingi sana kila sekunde, na kuziandika namba. Ili kuukamata mtikisiko mmoja, chahitaji vipimo viwili angalau, kimoja cha kupanda na kimoja cha kushuka. Kwa hiyo chombo kinachopima mara 8,000 kwa sekunde hakiwezi kukamata mtikisiko wowote ulio juu ya hezi 4,000. Hesabu hii ilijulikana tangu kazi za Harry Nyquist za mwaka 1928 na Claude Shannon za mwaka 1949. Simu ndogo aliyoitumia mwanachuo wetu ilirekodi kwa AMR ya kawaida, ambayo hupima mara 8,000 tu, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu na kubana nafasi. Baadaye aliligeuza faili kuwa WAV ili Praat ilikubali. Mgeuzo huo uliongeza idadi ya namba, haukurudisha sauti iliyokwisha kupotea. Mtu akiyahamisha maji ya kikombe na kuyatia ndani ya ndoo, hakuongeza maji.

Jambo hili kila mtu amelionja bila kulijua. Simu za kawaida kwa miaka mingi zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na ndiyo maana tunapotaja jina geni kwa simu hulazimika kusema “S ya Salumu” au “F ya Fatuma”. Msikilizaji hana hakika, maana sehemu ya sauti inayozitenga herufi hizo haikumfikia. Hatujapata kumsikia mtu akimpeleka ndugu yake hospitali kwa sababu hiyo.

Mtoto yule alirekodiwa tena, safari hii kwa maikrofoni ya waya iliyochomekwa katika kompyuta, ndani ya chumba cha kuhifadhia vitabu. Vumbi la s lilipanda likapita hezi 8,000. Mwanachuo alikwenda mwenyewe sokoni kumweleza mama. Twaandika haya kwa ruhusa yake, naye ametuomba tuongeze kwamba kufuta maneno katika kitabu cha maendeleo kulikuwa kugumu kuliko kuyaandika, kwa kuwa mwalimu wa darasa alikuwa amekwisha kuyaamini.

Je, mwanachuo angeligunduaje hilo peke yake, bila mkufunzi? Twapendekeza njia rahisi isiyogharimu chochote. Kabla mtoto hajaanza kusoma, mwalimu apige makofi mara moja karibu na maikrofoni, kisha aseme kwa sauti yake mwenyewe sentensi moja yenye sauti anazotaka kuzichunguza, mathalani “Sina shaka na thamani ya kura.” Pigo la makofi lina nguvu katika vimo vyote, tangu chini hadi juu, katika mchoro huonekana kama nguzo iliyosimama. Nguzo hiyo ikiwa imekatwa kichwa mahali fulani, kila kilicho juu ya mahali hapo kimepotea kwa kosa la chombo. Na s ya mwalimu ikiwa haionekani katika mchoro, ya mtoto isitafutwe humo. Ila nguzo ikifika juu, na s ya mwalimu ikaonekana, na ya mtoto pekee isionekane, hapo ndipo mazungumzo juu ya mtoto yaweza kuanza.

Hata hivyo rekodi yaweza kuwa nzuri na mchoro ukadanganya vilevile, kwa sababu ya vipimo vya kuonyeshea. Praat kwa kawaida huonyesha hezi 0 hadi 5,000 tu. Kipimo hicho chafaa kwa irabu. Kwa s ya mtoto wa miaka minane ni sawa na kutazama mnazi kupitia dirisha dogo na kusema kwamba hauna nazi. Mpaka huo hubadilishwa katika sehemu ya marekebisho ya spektogramu, na kwa vikwamizi vya watoto twashauri uwekwe 10,000 au zaidi. Mwanachuo ajizoeze kuzisoma namba zilizo pembeni mwa mchoro kabla ya kuutazama mchoro wenyewe. Vivyo hivyo vile vidoto vyekundu vinavyofuata mistari ya irabu, viitwavyo fomanti: kipimo cha kawaida cha mpaka wake, hezi 5,500, kinamfaa mwanamke mzima, na kwa mtoto mdogo chaweza kuhitaji kufikishwa 8,000. Vidoto vinavyorukaruka ovyo juu ya irabu a ya mtoto ni dalili ya kipimo kisichomfaa, wala si dalili ya irabu mbovu.

Tofauti ya kura na kula inastahili kuelezwa kwa urefu, maana ndiyo inayowatesa watoto wa sehemu nyingi za nchi yetu. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi r na l, na mtoto aliyelelewa katika mojawapo ya lugha hizo huzisikia kama sauti moja. Mwalimu anataka kujua kama mtoto ameanza kuzitenganisha, na hapa mchoro waweza kumsaidia kweli. Tutamkapo r ya Kiswahili kati ya irabu mbili, ncha ya ulimi hugonga ufizi na kuachia upesi sana, kwa muda wa mia mbili au tatu za sehemu elfu kumi za sekunde, yaani sekunde 0.02 hadi 0.03. Katika mchoro hilo huonekana kama ufa mwembamba uliosimama kati ya irabu mbili. Tutamkapo l, ulimi hukaa kwa muda mrefu zaidi na hewa hupita pembeni. Mistari ya irabu hufifia lakini haikatiki.

Sasa, Praat huichunguza sauti kwa vipande vidogo vidogo, na urefu wa kila kipande ni kipimo kinachoweza kubadilishwa. Kwa kawaida ni sekunde 0.005, mfupi wa kutosha kuuona ufa wa r. Lakini mtu anayetaka kuchunguza kiimbo hukiongeza hadi 0.03 ili mistari ya mlio itengane, na hapo ufa wa r humezwa, kwa kuwa kipande kimoja kimekuwa kirefu kama ufa wenyewe au kuuzidi. Kura huonekana kama kula. Programu nayo huvihifadhi vipimo ilivyoachwa navyo hata baada ya kufungwa. Katika nyumba ambamo kompyuta moja hutumiwa na watu watatu, yawezekana aliyevibadilisha ni mwenzako aliyekuwa akiandika tasnifu mwezi uliopita, na wewe umekaa usiku kucha ukiandika kwamba watoto kumi na wanane hawana r. Katika dirisha la marekebisho kuna kitufe cha kuvirudisha vipimo vyote katika hali ya mwanzo. Kila mwanachuo akibonyeze kabla ya kuanza kazi, kisha abadilishe kile tu ambacho ana sababu ya kukibadilisha, na sababu hiyo aiandike.

Kuna hitilafu moja inayotokana na wema. Rekodi za shuleni huwa na kelele, hasa mvua inaponyesha juu ya bati. Mwanachuo mwenye bidii huipitisha rekodi yake katika kazi ya Audacity ya kuondoa kelele, akaisafisha mpaka ikatulia. Mvua juu ya bati, kwa sikio na kwa mchoro, ni vumbi lililotapakaa vimo vyote. Na s ni nini? Ni vumbi. Programu haijui Kiswahili. Imeambiwa iondoe vumbi, nayo imeliondoa. Simu nyingine hufanya usafi wa namna hiyo zenyewe bila kuulizwa. Rekodi ya kuchunguzia matamshi isisafishwe. Kama mvua inanyesha, rekodi ingoje mvua ikatike, na faili la asili lihifadhiwe kama lilivyo, marekebisho yakifanywa katika nakala. Tusizidishe pia ukubwa wa sauti wakati wa kurekodi: vilele vya mawimbi vikikatwa kwa kuwa sauti imekizidi chombo, mchoro hujaa weusi wa bandia hadi juu, na hapo hata mtoto asiye na s ataonekana anayo.

Wako wakufunzi wenzetu wasemao kwamba mambo haya hayana nafasi katika chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwalimu ana masikio, na masikio yanatosha. Twawaheshimu, na kwa sehemu twakubaliana nao. Sikio litangulie daima, na mwalimu aliyekaa uso kwa uso na mtoto kwa dakika tano, akayatazama midomo na meno yake, amekwisha kujua mengi. Lakini sikio la mtu mzima nalo husikia linalolitazamia. Mwalimu aliyekwisha kuambiwa kwamba watoto wa kijiji fulani hawana r husikia l hata pale ufa wa r unapoonekana wazi. Tumeliona hilo kwa wanachuo hodari. Zaidi ya hayo, wanachuo hawatungoji. Wanazo simu, wanazo kompyuta, na programu hizi hazina bei. Swali lililobaki ni kama watazitumia wakijua namna zinavyokosea au bila kujua.

Na kuna faida nyingine, ambayo kwetu ni kubwa kuliko matamshi. Mwanachuo anayeitafuta hitilafu kwa utaratibu, akibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kutazama lililobadilika, anajifunza njia ile ile atakayoihitaji mtoto akikosea hesabu za kutoa kwa kukopa. Mwalimu asiye na njia humwambia mtoto arudie zote. Mwenye njia humpa hesabu moja isiyo ya kukopa, kisha ya kukopa mara moja, kisha yenye sifuri katikati, mpaka apajue mahali hasa pa kukwama. Tumewajaribu wanachuo kwa mtindo huu: twawapa faili lenye hitilafu tuliyoitia kwa makusudi, na kuwakataza kugusa zaidi ya kipimo kimoja kabla hawajaandika wanachokitazamia. Wengi huona ugumu katika kuandika kuliko katika kompyuta.

Hatudai mambo makubwa. Vipindi viwili katika mhula, ndani ya somo la mbinu za kufundisha Kiswahili, vyatosha kwa kuanzia. Kompyuta moja na maikrofoni ya waya zaweza kuhudumia kikundi cha wanachuo wanane, mmoja akisoma, mmoja akirekodi, wengine wakiandika. Wanaolalamika kwamba mafaili ya WAV ni makubwa wapige hesabu: sauti ya njia moja yenye vipimo 44,100 kwa sekunde huchukua megabaiti 5 na ushei kwa dakika. Watoto sitini, kila mmoja akisoma kwa nusu dakika, ni megabaiti 160 hivi, ambazo huingia katika kijiti kidogo kabisa cha kuhifadhia data na kubakiza nafasi tele.

Kuhusu maandishi ya kumbukumbu, twashauri kwamba neno “hawezi” lisiandikwe kwa ushahidi wa mchoro peke yake. Iandikwe tarehe, neno lililosomwa, mara ngapi lilisomwa, kilichosikika kwa sikio, chombo kilichotumika, na kama pigo la makofi lilionekana zima. Mtoto anayesema samani badala ya thamani aandikwe hivyo hivyo alivyosema, pamoja na lugha ya nyumbani kwao, maana th ilikuja katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na wako watu wazima wengi wa bara, wenye meno kamili, wasioitamka.

Na yale yaliyokwisha kuandikwa mwaka huu katika shule za mazoezi kwa kutegemea mafaili ya simu, wanachuo walioyaandika wayarudie kabla mhula haujafungwa. Vitabu vya maendeleo hupelekwa kwa mwalimu wa darasa la tatu mara tu likizo inapokwisha.